Kiti cha Mshika Kibendera

Siku uwanja wa zamani ulipofunguliwa kwa mara ya mwisho ili watu wajichukulie kumbukumbu kabla ya matingatinga kuingia, nusu ya jiji ilijazana pale kana kwamba kuna mechi. Waliotaka mbao za viti walikuja na misumeno. Waliotaka nyasi walikuja na ndoo. Wazee walipiga picha mbele ya choo huku wametuna vifua. Katikati ya vumbi hilo alisimama fundi mapazia mmoja, mwanamke wa makamo aliyevaa gauni refu la rangi ya damu ya mzee, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na viatu vya kisigino visivyo na kazi yoyote mahali kama pale isipokuwa kuwajulisha wenzake kwamba yeye hakuja kuokota, amekuja kuchukua.

Alichokifuata kilikuwa kipande cha mlingoti wa goli la kaskazini. Goli lile, si lingine. Mafundi chuma walikuwa wameshaukata, na alipokiinamia kipande cha chini, chenye rangi nyeupe iliyobanduka, mkono wa mtu mwingine ukakishika upande wa pili.

"Hiki kina mwenyewe," alisema bila kuinua uso.

"Nimeona, mama. Nakusaidia tu kukinyanyua. Chuma hiki hakijui visigino."

Hapo ndipo alipomtazama. Mwanamume mrefu, ndevu fupi zilizochanganyika mvi, shati jeupe lililopigwa pasi likakubali, miwani ya fremu nyembamba. Mikono yake ilikuwa misafi, vidole virefu, mikono ya mtu anayefanya kazi ya vitu vidogo. Akamuuliza kazi yake, naye akajibu kwamba ni fundi miwani, ana duka lake ng'ambo ya reli. Fundi mapazia akajikuta anarekebisha kilemba. Alijikaripia moyoni, lakini mkono ulikuwa umeshafika kichwani.

Wakakibeba kile chuma wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakipenya kwenye msongamano kuelekea getini. Njiani akamsimulia kwa nini alikitaka. Hakuwa mtu wa kubembelezwa kusimulia.

Ilikuwa siku ya mwisho ya ligi, miaka mingi nyuma, yeye akiwa msichana mbichi. Wahunzi, timu ya mtaa wao, walihitaji ushindi. Nyuki, wapinzani wao, sare iliwatosha. Baba yake alikuwa mtunza jezi wa Wahunzi, na usiku uliotangulia alikuwa amezipiga pasi jezi zote mara mbili kwa sababu usingizi ulimkataa. Mechi ilikwenda sare, bao moja kwa moja, mpaka dakika za mwisho kabisa. Ndipo namba kumi na moja wa Wahunzi, winga wa kushoto, akaupata mpira katikati ya uwanja.

"Akamwacha wa kwanza," alisema, na sauti yake ikabadilika, "akamwacha wa pili akiwa amekaa chini kama anasubiri chai. Akampa namba tisa, namba tisa akamrudishia, wakagongeana pale ukutani kwa Nyuki, halafu akapiga. Wavu ukatikisika, ndugu yangu. Wavu ulitikisika. Nilikuwa nyuma ya goli, niliuona kwa macho yangu. Watu wameshaingia uwanjani, baba yangu amepiga magoti, halafu tunageuka, mshika kibendera yule mwana wa kutupwa amesimama kule pembeni na mkono juu. Ati ameotea."

Nyuki wakachukua ubingwa kwa sare. Wahunzi hawakuukaribia tena. Lakini mashabiki wa tawi lao hawakukubali kuizika ile mechi. Kila mwaka, tarehe ile ile, walikutana kwenye ua wa kaka yake na kuicheza upya kwa midomo. Kila mmoja alikuwa na mchezaji wake wa kumsimulia. Kinyozi wa mtaa alimsimulia kipa mpaka watu wakamsahau jina akaitwa Golikipa, na mtu akifa, mchezaji wake alirithiwa. Fundi mapazia ndiye aliyekuwa na namba kumi na moja. Na pembeni mwa ua kiliwekwa kiti kimoja kitupu, kiti cha mshika kibendera, ambacho dakika ya mwisho ikifika hurushiwa vizibo vya soda na kila tusi ambalo mtoto anaruhusiwa kulisikia.

Fundi miwani alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza hata mara moja. Walipokaribia geti akasimama.

"Umeisimulia vizuri kuliko redio ya siku ile," alisema. "Lakini kuna jambo nikwambie kabla hatujatoka nje."

"Una mke."

"Mke wangu alifariki zamani. Mama, aliyeinua kile kibendera ni mimi."

Fundi mapazia aliachia upande wake. Chuma kikaanguka karibu na vidole vyake, naye hakushtuka. Miaka yote ile alikuwa na picha ya mtu yule kichwani: mfupi, macho ya kibaka, tumbo lililojaa rushwa. Hakuwahi kumpa shati jeupe. Akafungua mdomo amwage maneno aliyoyatunza tangu usichana, yakagoma kutoka, isipokuwa moja.

"Ondoka."

Aliondoka. Na yule mama akakiburuta chuma chake peke yake mpaka barabarani, visigino vikizama kwenye mchanga, huku wanaume wakijitolea kumsaidia na yeye akiwatazama kwa namna iliyowafanya wakumbuke kwamba wana shughuli nyingine.

Kilichomkera si kwamba amekutana naye. Kilichomkera ni kwamba amekutana naye na kumpa neno moja tu. Alikula na hasira hiyo, akalala nayo, akashona nayo. Juma lililofuata akavaa gauni la bluu, akajipaka manukato, akavuka reli kwenda kumalizia sentensi.

Duka lilikuwa jembamba, na ukuta mzima ulikuwa fremu za miwani zikimtazama. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi. Hakuwajali. Alimwambia fundi miwani kila kitu: baba yake aliyepiga magoti, jezi zilizopigwa pasi bure, namba kumi na moja aliyeacha mpira akaenda kuendesha malori, mtaa mzima uliolala na njaa kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kupika. Fundi miwani aliendelea kusugua kioo kwenye jiwe lake taratibu. Mama alipoishiwa pumzi, akasimamisha jiwe.

"Umemaliza?"

"Kwa leo."

"Basi karibu maji ya kunywa. Alikuwa ameotea."

Alirudi kesho yake na hoja mpya. Kesho kutwa akarudi na nyingine, na safari hiyo akakuta kigoda kimewekwa karibu na meza ya kazi, kimefutwa vumbi. Hakuuliza ni cha nani, alikikalia. Waliposhindwa kuonana walibishana kwenye simu jioni, yeye akiwa jikoni na simu imebanwa kati ya sikio na bega.

"Sema kweli, Kipofu wangu. Wakati namba tisa anautoa mpira, ulikuwa unatazama wapi? Kulikuwa na msichana jukwaani?"

"Wasichana wote walikuwa nyuma ya goli wakipiga kelele. Mmoja naona mpaka leo hajanyamaza."

"Nikinyamaza utaumwa."

"Hilo sibishani nalo, Kumi na Moja."

Ndivyo walivyoitana. Kipofu wangu, Kumi na Moja. Mama akaja kujua kwamba baada ya mechi ile vioo vya duka la kwanza la fundi miwani vilivunjwa, akaweka vingine, vikavunjwa tena, akaweka tena. Alihama tu wakati marehemu mkewe alipougua na kuhitaji mtaa wenye utulivu. Fundi mapazia akajikuta anawakasirikia waliovunja vioo vile, halafu akakumbuka kwamba anawajua kwa sura, na mmoja wao alikuwa kaka yake.

Yeye naye alimweleza habari ya mume wake wa zamani, mtu mwenye ulimi wa asali, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwambia neno lisilopendeza. Chakula kilikuwa kitamu hata kilipoungua. Gauni lilimpendeza hata lilipombana. Na alikuwa safarini kikazi hata alipokuwa nyumba ya tatu kutoka pale kwao, na mwanamke mwingine.

Fundi miwani hakuwa na ugonjwa huo. Siku moja alikuja kwenye chumba chake cha kushonea, chumba kilichojaa marobota ya vitambaa mpaka darini, akaliangalia pazia zito la hoteli lililoning'inizwa, akasema kwa upole kwamba pindo limekwenda upande. Wateja wake wote walikuwa wamelisifu. Akamwambia pia kwamba amegundua anaishika sindano mbali na uso, na wiki iliyofuata akamletea miwani aliyoisaga mwenyewe, ndani ya kibweta cha kitambaa.

"Mtoto wa Wahunzi havai miwani ya mshika kibendera," alisema, akaitupia kwenye droo. Lakini akamsindikiza mpaka kituoni, na walipoagana akamshika mkono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa watu wanaobishana.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kaka yake akapata habari. Kaka huyu alikuwa mwenyekiti wa tawi, na kwa kuwa alikuwa mwenyekiti tangu enzi hizo, hata mkewe alimwita Mwenyekiti. Alifika asubuhi, hakuketi, akasimama kati ya marobota na kofia yake ya Wahunzi mkononi.

"Wanaume wote wa dunia hii, mdogo wangu. Wote. Umekosa hata mlevi?"

"Walevi nimewaona, kaka. Hawanifurahishi."

"Yule mtu amemuua baba."

"Baba alikufa kwa kifua. Tulimpeleka hospitali mimi na wewe, ukasahau?"

"Alikwenda hospitali akiuliza lile goli. Alikufa akiuliza. Wewe ulikuwa unampepea, mimi nilikuwa namjibu."

Ilikuwa kweli, na fundi mapazia akamsogezea kiti. Mwenyekiti akalainika kidogo. Alimpenda dada yake, na hakuna aliyelitilia shaka hilo. Akaketi na kueleza alichokuja nacho. Siku ya kumbukumbu imekaribia. Mtu huyo aje uani, asimame mbele ya tawi kwenye kile kiti, aseme neno moja tu: nilikosea. Wakisikia hilo, tawi litamsamehe, na yeye Mwenyekiti mwenyewe atapokea posa kwa mikono miwili na kucheza ngoma. Asipolisema, dada asije na mtu huyo nyumbani kwake, iwe harusini, iwe msibani.

Fundi mapazia aliona huo ni mlango. Watu wake wote walikuwa kwenye ua ule. Hakuwa na ua mwingine. Na neno lenyewe moja, tena juu ya mpira uliopigwa kabla wajukuu wa watu hawajazaliwa. Jioni akapiga simu akiwa amechangamka, akamweleza mpenzi wake kama mtu anayetoa zawadi.

"Upo?"

"Nipo. Siwezi, mpenzi."

"Neno moja tu. Hata hutalimaanisha, nani atajua?"

"Wewe utajua. Nilipopigwa mawe sikulisema, nilipovunjiwa vioo sikulisema. Nikilisema leo ili nikuoe, utakuwa umeolewa na mtu mwingine kabisa, mtu anayesema chochote ili apewe mke."

"Kwa hiyo kibendera chako ni kikubwa kuliko mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa mkono juu, kama siku ile. Wewe kazi yako ni hiyo, watu wakianza kushangilia unainua mkono. Kaa nacho. Lala nacho. Kikupikie."

Akakata. Simu ikaita tena, akaiacha iite. Ikaita kesho, akaiacha. Halafu ikaacha kuita, na hilo likamuuma kuliko kuita.

Kazi haingoji moyo wa mtu. Hoteli ilitaka mapazia yake, kitambaa cheusi na uzi mweusi, na siku hiyo mbingu ilikuwa na mawingu. Alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mpaka akaanza kuitukana sindano. Mwishowe akafungua droo kwa hasira, akaivaa miwani ile huku akitazama mlango, asije mtu akamwona.

Tundu la sindano likatokea mbele yake, wazi kama dirisha. Akatunga uzi mara moja. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaivaa, akainua macho akalitazama lile pazia la hoteli pale liliponing'inia. Pindo lilikwenda upande. Halikwenda kidogo, lilikwenda kama mlevi anayetafuta ukuta. Akavuta la pili, nalo hivyo hivyo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye aliambiwa, na aliambiwa na mtu mmoja tu katika mji mzima. Wengine wote walimpenda wakamsifu, na wangeendelea kumsifu mpaka hoteli imrudishie mzigo.

Akaketi juu ya robota, miwani puani, akacheka peke yake, halafu akalia kidogo. Alishawahi kuishi na mwanamume anayesema nguo imekupendeza hata isipopendeza. Sasa amempata asiyeweza kusema uongo hata akitiwa kabari, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anamshika kabari. Alijiona mjinga. Alitaka kupiga simu papo hapo, akaiweka chini. Jambo lile halikuharibikia kwenye simu. Liliharibikia kwenye ua wa kaka yake tangu kabla hajamjua mtu huyo, na huko ndiko litakakotengenezwa. Akafumua mapindo yote, akayashona upya.

Siku ya kumbukumbu ikafika. Alasiri ua ulijaa kofia na skafu za rangi ya damu ya mzee, nyingine zimefuliwa mpaka zimekuwa za waridi. Kile kipande cha mlingoti kilikuwa kimesimikwa ardhini mbele ya wote, na tawi lote lilikuja kukigusa. Kiti kitupu kilikuwa mahali pake pembeni. Mwenyekiti alimtazama dada yake akiingia peke yake na gauni lake la damu ya mzee, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliona miwani puani mwake, hakuiulizia.

Mechi ikaanza. Golikipa aliokoa penalti kwa maneno, akajirusha kidogo na kiuno kikamkumbusha umri. Mabeki wakagombana juu ya bao la kwanza la Nyuki kama walivyogombana kila mwaka, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Bao la kusawazisha likashangiliwa. Watoto wakagawa vizibo. Ndipo Mwenyekiti akainua mkono, ua ukatulia, na zamu ikamfikia namba kumi na moja.

Fundi mapazia akasimama. Hakuwahi kuisimulia vizuri kama siku hiyo. Alimwacha wa kwanza, alimwacha wa pili akingojea chai, watu wakacheka mahali pale pale wanapocheka kila mwaka. Akampa namba tisa. Namba tisa akamrudishia. Akapiga. Wavu ukatikisika, na wazee wazima wakaruka kutoka vitini. Mikono yenye vizibo ikapanda juu, tayari.

Naye akatembea mpaka kwenye kile kiti, akakunja gauni lake vizuri, akaketi.

"Haya," alisema. "Rusheni."

Hakuna aliyerusha. Kizibo kimoja kiliponyoka mkononi mwa mtu, kikabingirika mpaka kwenye kiatu chake.

"Dada, toka hapo," Mwenyekiti alisema.

"Sitoki. Miaka yote hii tunamsimulia kila mtu aliyekuwa uwanjani, mpaka mbwa aliyeingia kipindi cha pili ana msimulizi wake. Mtu mmoja tu hana. Nataka kuuliza. Mimi nilikuwa nyuma ya goli. Golikipa, wewe ulikuwa wapi?"

Kinyozi alijikuna shingo. "Nyuma ya goli. Lile lingine."

"Kaka?"

"Jukwaa la mbao. Lakini niliona."

"Uliona wavu, kaka, kama mimi. Wote tuliona wavu. Wakati namba tisa anautoa mpira, nani kati yetu alikuwa amesimama usawa na beki wa mwisho? Anyooshe mkono." Akangoja. "Basi alikuwa mtu mmoja tu, na huyo ndiye tunayemrushia vizibo."

Akatoa simu kwenye mkoba, akapiga, akaiweka kwenye sauti kubwa. Ikaita kwa muda uliomfanya ajute mara kadhaa.

"Kumi na Moja?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyesimama ghafla. "Uko salama?"

"Niko kwenye kiti chako. Tawi zima linakusikia. Wanangoja zamu yako. Sikuombi useme umekosea. Simulia ulichokiona."

Waliokuwapo uani walikubaliana baadaye kwamba walisikia jiwe la kusagia vioo likizimwa.

"Nilimwona anakuja," alisema fundi miwani. "Nilikuwa nakimbia naye sambamba, na mimi wakati ule nilikuwa na mbio. Sijawahi kuona mtu anakimbia vile. Alipompa namba tisa nikasema moyoni, mrudishie, mrudishie sasa hivi. Namba tisa akachelewa kidogo tu. Yule kijana alikuwa na haraka, akamtangulia beki mpira ukiwa bado mguuni kwa mwenzake. Nikaona. Nilitamani nisione. Mkono wangu ulikuwa mzito kama mfuko wa saruji, lakini niliuinua. Na kesho mkinirudisha pale, nitalia, lakini nitauinua tena."

Fundi mapazia aliisogeza simu karibu na mdomo, lakini hakupunguza sauti yake hata kidogo.

"Kipofu wangu."

"Naam."

"Nilikosea mimi kukutaka useme uongo. Sasa nauliza mbele ya mashahidi, wengine wana vizibo mkononi. Utanioa au hutanioa?"

"Subiri nifunge duka," alisema, na simu ikakatika.

Hapo ua ukapasuka. Wapo waliosema ni usaliti, wakachukua skafu zao na kuondoka, na hawakurudi mwaka huo wala uliofuata. Wapo waliosema mpira ni mpira. Mtu mmoja akamkumbusha Mwenyekiti kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, akaambiwa akae kimya. Mwenyekiti mwenyewe alikwenda mpaka getini kama mtu anayeondoka, akakumbuka kwamba nyumba ni yake, akabaki amesimama pale, mgongo kwa watu, vizibo vimefumbatwa ngumini. Dada yake hakumfuata. Alibaki kwenye kiti. Aliogopa, lakini hakutoka.

Jua lilikuwa bado halijafika kwenye paa la jirani alipotokea shati jeupe mwisho wa mtaa, linakuja kwa mwendo wa haraka, mwendo wa mtu aliyewahi kuwa na mbio. Fundi miwani alifika getini, akakutana uso kwa uso na Mwenyekiti. Akamwamkia. Mwenyekiti hakuitika wala hakuziba njia, naye akapita pembeni mwake taratibu, akavuka ua wote huku watu wakimpisha, mpaka kwenye kiti.

"Umeivaa," alisema.

"Pindo lilikuwa limekwenda upande," alijibu, akanyanyuka kumpisha. "Kaa. Kiti chako hiki."

Akakaa. Fundi mapazia akavuta kiti kingine, akakiweka ubavuni mwake, bega kwa bega. Ndipo kinyozi, ambaye alikuwa amekaa na swali moja kooni tangu ujana wake, akasogea akachuchumaa mbele yao.

"Kiasi gani?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Aliotea kwa kiasi gani?"

Fundi miwani alivua kiatu chake kimoja, akakiweka chini, kisigino kikigusa mguu wa kiti, ili wote waone urefu wake. "Kiatu," alisema. "Kiatu kimoja hivi."

Mguno ukapita ua mzima. Kiatu. Wengine walishika vichwa. Mzee mmoja akalia waziwazi, akisema afadhali ingekuwa hatua kumi, angelala siku nyingi. Walikitazama kile kiatu cha ngozi nyeusi, kilichopigwa rangi vizuri, kama watu wanaotazama maiti ya jamaa yao wa mbali, na hakuna aliyerusha kizibo.

Kutoka getini, bila kugeuka, Mwenyekiti akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Mimi bado nasema lilikuwa goli."

"Sema, shemeji," alijibu fundi miwani, akivaa kiatu chake. "Na mimi bado nasema aliotea."

"Mimi si shemeji yako."

"Jumamosi utakuwa, kaka," alisema fundi mapazia, na akamshika mwanamume wake mkono mbele ya tawi zima.